Nimesali, nimesema amina, lakini usiku moyo hautulii. Ninyi mnafanyaje?

Mkesha

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Huwa nasoma tu humu bila kuchangia, ila leo usingizi umekata tena nikaona niulize.

Niko hivi. Kazini tumepewa barua kwamba mikataba yetu inaisha mwisho wa mwaka na kwamba "itaangaliwa upya". Itaangaliwaje, hakuna anayesema. Ukimuuliza mkuu wa kitengo anageuka anatazama dirishani. Wakati huohuo mama yangu ana uvimbe kwenye titi, ametolewa kinyama kikapelekwa maabara, na majibu bado. Kila nikipiga simu naambiwa subirini.

Mimi ni mtu wa sala tangu utotoni. Jioni napiga magoti, napata nafuu, nasema amina, nazima taa. Ikifika saa nane au saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe na hesabu zinaanza: kodi ya nyumba, ada za watoto, dawa za mama, nikikosa kazi tutahamia wapi, majibu yakiwa mabaya nitamwambia nani kwanza. Halafu najikuta nimeshika simu natafuta maana ya maneno yaliyo kwenye karatasi ya daktari, na kila ninachosoma kinazidi kunitisha. Mke wangu akiamka ananikuta uso umemulikwa na kioo cha simu, anageuka upande wa pili bila kusema kitu. Najua naye anaogopa.

Watu wa kanisani wananiambia nimwachie Mungu. Wananipenda, sina shaka na hilo. Lakini hakuna anayenionyesha jambo hilo linafanywaje. Ninamwachia jioni, usiku nimeshalichukua tena. Sasa nimeanza kuogopa kitu kingine kabisa: kwamba hofu yenyewe ni dhambi, kwamba Mungu akinitazama anaona mtu asiye na imani, na kwa sababu yangu mama hatapona. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Mtu mwenye imani anaruhusiwa kuogopa? Ile amani ya Wafilipi 4, ipitayo akili zote, huja kabla ya majibu au baada yake? Na wewe uliyepitia, ulifanya nini hasa, namaanisha kwa mikono yako, saa tisa ya usiku? Tafadhali msiniachie mstari mmoja na kuondoka.

Shujaa wa Imani

Pole sana kaka. Nitakuwa mfupi. Soma 2 Timotheo 1:7, Mungu hakutupa roho ya woga. Hiyo hofu haitoki kwake, ikatae. Usikiri ugonjwa, kiri uzima. Usiruhusu hata neno moja la mashaka litoke kinywani mwako, maana ukitia mashaka unaufunga mlango mwenyewe. Mama ameshapona kwa jina la Yesu na kazi ni yako. Amini tu. Nimekutaja kwenye maombi yangu asubuhi hii na nitaendelea.

Mama Wawili

Mwanangu Mkesha, sijui umri wako, lakini wanangu ni watu wazima wenye familia zao, basi niruhusu nikuite hivyo. Pole. Umeomba usiachiwe mstari mmoja, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Nianze na hilo linalokuumiza kuliko yote. Uzima wa mama yako haujafungwa kwenye imani yako. Yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanawe kwa Yesu alisema anaamini, na hapohapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yote mawili kwa pumzi moja. Yesu hakumwambia aende kwanza akajipange ndipo arudi. Mtoto aliponywa palepale, baba akiwa bado na nusu ya imani na nusu ya mashaka. Ukiogopa tena usiku, mkumbuke huyo baba.

Ndugu Shujaa, nakuheshimu na ninaona upendo kwenye maneno yako. Lakini kumwambia mtu asiyelala kwamba neno lake moja la mashaka linafunga mlango wa mama yake kupona, hapana, hilo ni jiwe unamwongezea mgongoni. Zaburi ya 56 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ni moja, hofu imo na tumaini limo. Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliomba maneno yaleyale mara tatu, na Luka anaandika kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Kama kutetemeka ni kukosa imani, tutasema nini juu ya usiku ule?

Sasa niseme yangu. Mume wangu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango kwenye benchi la mbao, lina msumari uliotokeza upande wa kushoto, kwa hiyo sisi ndugu wa wagonjwa tuliokuwa tumeshalizoea tulikuwa tunamwelekeza mgeni kwa macho hadi akae upande salama. Mlango ule ulikuwa ukifunguliwa moyo unaruka. Nilikuwa natazama viatu vya anayetoka kabla ya kumtazama usoni, maana uso nilikuwa nauogopa. Watu walikuja wakanishika mkono wakasema yatakuwa sawa. Nilishukuru kwa kuja kwao. Lakini hakuna kati yao aliyejua, na mimi nilijua kwamba hawajui, kwa hiyo wakiondoka nilibaki na mzigo wangu vilevile.

Aliyenisaidia ni Hezekia, mfalme wa Yuda, 2 Wafalme 19. Senakeribu mfalme wa Ashuru ameshateka miji ya Yuda yenye maboma, sasa anatuma barua Yerusalemu: msidanganywe na huyo Mungu mnayemtumaini, mmesikia tulivyowafanya wengine. Na cha kutisha ni kwamba barua ile ilikuwa inasema kweli juu ya hao wengine. Hezekia akaipokea mikononi mwa wajumbe, akaisoma, akapanda nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele za Bwana. Katika sala yake hakudai kwamba Waashuri ni dhaifu. Alikiri kabisa kwamba ni kweli wameyaharibu mataifa. Alimpelekea Mungu habari mbaya kama ilivyo, bila kuipunguza.

Basi nikafanya hivyo. Daktari alikuwa amenipa karatasi ya vipimo, mwandiko wa haraka, namba nyingine zimezungushiwa wino mwekundu. Nilikuwa nimeikunja mara nne naibeba kwenye mkoba, naifungua kwenye gari, naifungua chooni, naifungua jikoni. Usiku mmoja nikaikunjua juu ya kitanda, upande wa mume wangu, nikaanza kumsomea Mungu kwa sauti. Mstari kwa mstari. Nikifika kwenye neno nisilolielewa nalisoma silabi kwa silabi, nasema, Bwana, hili sijui ni nini, wewe unalijua. Nilipofika kwenye namba za figo nililia mpaka nikakaa chini. Nikamwambia naogopa ujane. Naogopa kulala peke yangu kwenye nyumba hii. Nikamwambia na hasira zangu, kwamba watu wangapi wabaya wana afya zao na yeye anamchukua huyu. Nilisema mambo ambayo mbele ya mchungaji nisingeyasema. Sala zangu za miaka yote zilikuwa zimevaa nguo za Jumapili, na ile ilikuja kama nilivyo.

Karatasi niliiacha palepale. Sikuirudisha kwenye mkoba hadi asubuhi. Nikalala. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti, na kulipokucha namba zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba sikuwa peke yangu nazo tena. Umeuliza nilifanya nini kwa mikono yangu; ni hicho, na nilikirudia kwa kila karatasi mpya. Usiku mwingine haikufanya kazi haraka hivyo. Nilikaa nayo hadi jogoo, nikalala mchana.

Kuhusu kabla au baada, ni kabla. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, shauri lake halijaamuliwa. Sura ya kwanza anataja kuishi na kufa, yote mawili, na anavutwa huku na huku. Ndiye huyo anayefika sura ya 4 akaandika juu ya amani. Angeandika baada ya kufunguliwa tungesema, haya, furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Na angalia anasema haja zenu zijulikane na Mungu. Anataka ziletwe zote, zitajwe. Hajasema mzifiche ili muonekane mna imani.

Nina jambo la mwisho, nalo nimelifikiria kabla ya kuliandika kwa sababu mama yako yuko hai na ninamwombea apone. Mume wangu alifariki. Naona si haki nikuhadithie amani yangu halafu nikufiche ilikoishia, ukaja kudhani ilikuwa inategemea yeye kupona. Niliomba apone hadi saa ya mwisho na sijutii hata sala moja. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Mimi niliyasema maneno hayo nikiwa nimeshika mguu wake uliokuwa umevimba. Na kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia Mungu hofu zangu zote, siku ile nilikuwa na nafasi moyoni ya kumtazama mume wangu mwenyewe. Tuliongea. Alinikumbusha mahali zilipo hati za nyumba, akaniambia nisimkasirikie mdogo wake. Nilimwimbia. Hofu ingekuwa imenijaa, ningezikosa saa zile.

Simu usiku iache sebuleni. Hilo nalo ni la mikono.

Mkesha

Mama, nimesoma nikalia. Pole sana kwa baba, na asante kwa kutonificha. Sijui kwa nini, lakini kusikia kwamba hakupona na wewe bado unamshukuru Mungu kumenipa nguvu kuliko kama ungesema alipona.

Kaka Shujaa, asante kwa maombi, sijachukia.

Nina swali jingine. Kuna kozi ya jioni nilikuwa nimepanga kuianza, ya miaka miwili, kazini wangenisogeza juu kidogo. Fomu iko hapa mezani na mwisho wa kuirudisha ni mwisho wa mwezi huu. Mke wangu anasema jaza. Mimi naona ni wazimu kuanza kitu cha miaka miwili wakati sijui hata miezi miwili ijayo. Najiambia nasubiri Mungu aseme. Kumtumaini Mungu ni kukaa kusubiri, au ni kuendelea na mambo? Maana tangu barua ile ije sijafanya uamuzi wowote, hata bomba la bafuni linavuja naliangalia tu.

Ibnu Sabil

Assalaam alaykum ndugu Mkesha na wote. Mimi ni Muislamu, natumaini mtaniruhusu kuchangia, kwa kuwa suala hili ni letu sote.

Swali lako la mwisho aliulizwa Mtume wetu (s.a.w.). Mtu alimuuliza kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah, au amwache bila kumfunga na kumtegemea. Akaambiwa mfunge, kisha tawakali. Imo katika mkusanyo wa Tirmidhi. Kwa hiyo kwetu kutawakali hakuondoi kazi ya mikono. Fanya sababu, yaani sehemu yako, na matokeo yapo kwa Allah mwenyewe.

Lakini nilitaka zaidi kusema juu ya Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake. Katika Sura Yusuf anaambiwa mwanawe ameliwa na mbwa mwitu, naye anachagua subira njema. Watu wengi huishia hapo. Ukiendelea hadi aya ya 84 unakuta macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Nabii wa Mungu! Wanawe wanamwona amezidi, kwamba atamkumbuka Yusuf mpaka adhoofike au afe. Aya ya 86 anawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo subira njema tuliyofundishwa, ina machozi na ina mashitaka, ila mashitaka yanapelekwa kwake. Na aya inayofuata anawatuma wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wasikate tamaa na rehema ya Allah. Mzee asiyeona, amelia miaka, bado anatuma watu wakatafute.

Hili kwangu si la vitabuni tu. Kaka yangu mkubwa alisafiri kutafuta riziki, mawasiliano yakakatika, na hadi leo hatujui yuko wapi. Baba yetu ana faili lake la plastiki, lina picha za kaka, nakala za hati ya kusafiria na majina ya ofisi zote alizokwenda, na kila ofisi ameandika tarehe na jina la aliyemhudumia. Anakwenda tena. Simu yenye namba ya zamani anayoijua kaka haizimwi wala haikosi chaji. Halafu akishaswali Isha analala, usingizi kweli, unamsikia anakoroma. Mama alimuuliza mbele yetu, unawezaje? Akasema, mimi sijui alipo, lakini anayejua alipo ninamjua. Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo.

Namwombea mama yako shifaa, yaani uponyaji.

Muuguzi wa Zamu

Kaka Mkesha, mimi naandika kama mtu wa wodini, na pia ni mtu wa sala.

Kwanza kuhusu kuchelewa kwa majibu, maana nadhani kunakutesa zaidi kwa kutojua kinachofanyika huko. Kile kinyama huhifadhiwa kwenye dawa ili kisioze, kinapitishwa kwenye hatua za kukiondoa maji, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, vinapakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anavitazama kwa hadubini. Wakati mwingine anaagiza rangi za ziada ili awe na uhakika. Hatua hizo zina muda wake na foleni yake. Kuchelewa peke yake hakukuambii kwamba majibu ni mabaya. Na uvimbe mwingi wa titi huwa si saratani. Sikuahidi chochote, nakupa tu ukweli wa kushindana na yale unayosoma usiku.

Pili, mwili wako. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 amechoka hadi anaomba afe. Analala chini ya mti wa mretemu. Malaika hakuja na mahubiri, alimgusa akamwambia ainuke ale. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Sauti ya upole ilikuja baadaye sana, huko mlima Horebu, mtu akiwa ameshalala na kushiba. Wewe unakula? Ukiamka saa tisa, kabla ya kufikiri lolote, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia kwa dakika kadhaa. Mapigo ya moyo yanashuka. Ndipo usali. Usiku mwili uliochoka huona kila kitu kikubwa kuliko kilivyo.

Na nikuombe hili kwa uzito: hali hiyo ikiendelea zaidi ya wiki mbili, ukawa huli au hakuna kinachokufurahisha, nenda kwa daktari; na ukipata hata wazo la kutotaka kuishi, nenda siku hiyohiyo usingoje. Mwambie na mkeo. Huko si kumkosea Mungu. Hezekia huyohuyo wa Mama Wawili alipougua, sura ya 20, aliomba, Mungu akamsikia akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Sala ilikuwepo na dawa ilikuwepo.

Siku ya majibu usimwache mama aende peke yake. Andika maswali kwenye karatasi kabla ya kuingia, kwa sababu mkiwa mle ndani yote yatapotea kichwani. Ulizeni ni nini kimeonekana, nini kinafuata na lini, na nani wa kumpigia mkiwa na swali.

Mama Wawili

Ndugu Ibnu Sabil, baba yako amenifundisha kitu leo. Kaka yako namweka kwenye sala zangu, na lile faili pia.

Mkesha, kuhusu fomu. Soma Yeremia 32 taratibu. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu alisema mji utaanguka, na kweli unakaribia kuanguka. Katikati ya hayo anakuja binamu yake Hanameli, anamwambia anunue shamba lake lililoko Anathothi, eneo ambalo maadui wameshalifikia. Na Mungu anamwambia nunua. Nabii anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anatia muhuri, anaita mashahidi, anampa mwandishi wake Baruku hati mbili, ile iliyofungwa na ile iliyo wazi, ziwekwe kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mtu anafanya karatasi zote za shamba kwa utaratibu kamili huku adui ameuzingira mji.

Ninachokipenda ni kinachofuata. Baada ya kununua, baada ya fedha kutoka, ndipo anasali, na katika sala ile anamwuliza Mungu: umeniambia ninunue shamba, na mji wenyewe umetiwa mkononi mwa Wakaldayo, hao watu wa Babeli? Alitii kwanza, hajaelewa bado. Na Mungu hakumkemea kwa swali lake, alimjibu kwa maneno mengi, kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo. Yeremia mwenyewe, kwa jinsi tunavyosoma, hakuja kulilima lile shamba. Alichukuliwa akapelekwa Misri.

Mimi siwezi kukuambia Mungu amesema ujaze fomu. Sina neno hilo na nisingethubutu kulitunga. Ila nitakuuliza kama mama: kama barua ya mkataba isingekuja, ungeijaza? Kama ndiyo, basi lililobadilika ni hofu tu, na hofu isiwe ndiyo inayokupangia miaka miwili. Kama kuna sababu nyingine, mfano fedha ya kuanzia ndiyo hiyohiyo ya dawa za mama, hilo ni jambo la hesabu, lifanyeni mchana, wewe na mkeo, kwa kalamu. Usiku usiamue kitu. Mimi usiku nilijiruhusu kusali na kulia tu, uamuzi nikauachia asubuhi.

Na huyo mkeo, mwanangu. Umesema anageuka upande wa pili. Siku ya kuikunjua karatasi mwite. Mimi wangu alikuwa hospitalini, sikuwa na wa kumwita.

Bomba la bafuni litengeneze kesho.

Shujaa wa Imani

Mama Wawili, nimekusoma. Bado naamini maneno yana nguvu na nitaendelea kutamka uzima juu ya mama yake Mkesha, hilo siliachi. Lakini la kumbebesha mtu jiwe nimelielewa, na Mkesha, mashaka yako hayamzuii Mungu. Mimi huamka saa tisa kwa maombi kila siku. Ukiamka saa hiyo nitumie ujumbe, hata nukta moja, nitajua uko macho na tutaomba pamoja kila mtu kwake.

Mkesha

Nimerudi. Samahani nimekaa kimya, nilikuwa natafuta maneno.

Nilifanya. Barua ya kazini na karatasi ya mama, zote mbili juu ya kitanda, nikamwita mke wangu. Aliona kama nimechanganyikiwa, halafu akakaa. Nilianza kusoma barua ya kazini, nilipofika "itaangaliwa upya" sauti ikakatika, akaichukua yeye akamalizia. Karatasi ya mama aliisoma yeye yote. Kumbe hajawahi kuiona, nilikuwa naificha nikidhani namlinda. Alipomaliza alimwambia Mungu mambo ambayo mimi mumewe sikuwa nayajua, anavyoogopa kwamba nitaugua na mimi, kwamba anasikia nikiamka kila usiku na hajui aseme nini. Nimemshika mkono muda mrefu.

Sitadanganya, saa tisa niliamka. Nilitoa pumzi kama Muuguzi alivyosema, nikatuma nukta kwa kaka Shujaa, ikajibiwa. Nikalala tena baada ya muda. Hofu ipo. Imeacha kuniambia kwamba Mungu amenikasirikia, na hilo tu limenipunguzia sehemu kubwa.

Ibnu Sabil, nimemsimulia mama yangu habari za baba yako. Ameomba jina la kaka yako ili amwombee, kama si tatizo nitumie kwa faragha. Ameniambia pia kwamba siku ya majibu anataka aingie na karatasi ya maswali aliyoiandika yeye mwenyewe, mimi nibebe mkoba tu.

Fomu tumekaa nayo mezani mchana tukapiga hesabu. Tumeijaza, imebaki sehemu ya mdhamini, shemeji yangu atasaini Jumamosi. Majibu ya mama yakitoka nitaandika hapahapa, yawe mazuri au mabaya.